Usiitike Jangwani

Katika msafara wa chumvi, mtu wa mwisho huitwa mkia. Kazi yake ni kuokota kinachodondoka, kumwamsha anayesinzia juu ya ngamia, na kuwa wa kwanza kutambua kwamba jambo limeharibika. Mkia hapewi mtoto. Nilimwambia hivyo Mwalimu Agali mbele ya darasa lake zima, naye akatabasamu kama wanavyotabasamu vijana waliosomea ualimu mjini Niamey.

"Bibi Dasine, huu ni msafara wa mafunzo tu," akasema. "Tunakwenda mpaka Mawe Meusi, tunakula, tunarudi. Jua halitazama tukiwa njiani."

"Msafara hauna 'tu'," nikamjibu. "Na mjukuu wangu ana miaka tisa."

"Bibi, mimi ndiye niliyeomba!" Gaishatu akadakia kutoka nyuma. "Mwalimu hakunilazimisha."

"Mtu mzima anapozungumza, mtoto hadakii."

"Samahani, Bibi. Lakini mimi ndiye niliyeomba."

Muhula ule wote Agali alikuwa amezifuta ratiba na kufundisha kila somo kwa njia ya kale ya kwenda Bilma kuchukua chumvi. Watoto walifinyanga mapande ya chumvi kwa udongo, wakayapima, wakagawanya mizigo ya ngamia na kuiita kazi hiyo hesabu. Walichora jangwa lote la Tenere katika mchanga wa uwanja, visima vikiwa vinyesi vya mbuzi, wakaita jiografia. Walitunga nyimbo za kuwapa ngamia moyo. Mimi niliyefundisha katika shule ileile kwa ubao, chaki na ukimya, sikuipenda kelele ile. Hata hivyo, lazima niseme kweli: Gaishatu, ambaye kugawanya kulikuwa kukimliza, sasa alikuwa akigawanya kwa kichwa huku akikamua mbuzi. Kwa hiyo nilinyamaza, na siku ya safari nilikwenda nao, ili awepo angalau mtu mmoja asiyecheza.

Tuliondoka alfajiri, mwezi wa Oktoba, wakati ambapo misafara ya kweli hufunga mizigo. Ngamia walikuwa wa Andilo, ambaye ameivuka Tenere tangu hajaanza kufunga kilemba. Alitembea mbele akiwa ameshika kamba ya ngamia wa kwanza. Kila ngamia alifungwa nyuma ya mwenzake, mapande ya udongo yakiwa mgongoni. Watoto walitembea ubavuni. Mimi, kwa sababu ya magoti yangu, nilipandishwa ngamia wa kwanza. Msafara hausimami mchana. Chai ilichemshwa katika jiko la waya lililoning'inizwa mkononi, ikapitishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine huku miguu ikienda. Watoto walifurahi mno kunywa chai wakitembea. Sikusikia mtu hata mmoja akilalamika.

Kabla ya adhuhuri upepo uligeuka. Kwanza mchanga ulitambaa chini kama moshi, kisha ukasimama. Andilo alipaza sauti mara moja tu: "Shikeni kamba!" Nilijifunga uso, nikainamia shingo ya ngamia, na kwa kitambo kirefu dunia yote ilikuwa ni kelele ya manjano. Hatukusimama. Msafara unaosimama ndani ya vumbi hufukiwa.

Vumbi lilipotulia, Mawe Meusi yalikuwa mbele yetu. Watoto walikimbilia kivuli wakikohoa na kuchekana, kila mmoja akiwa na nyusi za mzee. Nilishushwa. Nilitazama nyuma ya ngamia wa mwisho. Hapakuwa na mtu.

"Gaishatu yuko wapi?"

Walitazamana. Asalama, msichana aliyekuwa akitembea mbele ya mjukuu wangu, alianza kulia kabla ya kufungua kinywa.

"Alikuwa nyuma yangu."

"Lini?"

"Kabla ya... yale mapande... akasema..."

"Futa pua, Asalama. Sema sentensi nzima."

Alifuta pua. "Pande moja la udongo lilidondoka kabla ya vumbi. Nilimwambia aliache. Akasema, nendeni, mkia hauachi kitu. Akarudi kuliokota. Halafu vumbi likaja, nami nikashika kamba kama tulivyoamriwa."

Hakuna aliyepaswa kugeuka nyuma, na hakuna aliyegeuka. Watoto walikuwa wametii. Niliyatazama macho ya Andilo, sehemu pekee ya uso wake iliyokuwa wazi, na nilichokiona humo kilinifanya nitafute kitu cha kushika.

"Ana maji?" aliuliza.

"Ana kibuyu," Asalama akasema. "Lakini tulikunywa wote. Kilibaki kidogo."

Tuliwaacha watoto penye mawe chini ya ulinzi wa wale wakubwa, tukarudi na ngamia wawili. Andilo alitangulia kwa miguu, Agali na mimi tukafuata. Upepo ulikuwa umeifuta njia kama mtu afutavyo ubao. Tuliita. Agali ana sauti ya kuongoza gwaride, nami nilifundisha darasa la watoto wengi bila kengele. Tuliita mpaka koo zikakwaruza. Gaishatu! Gaishatu! Mchanga ulizimeza sauti zetu papo hapo.

Tulikuwa tumekwenda mbali kiasi cha kuyaona Mawe Meusi kama punje za pilipili tulipokuta nyayo. Zilikuwa nyuma ya tuta, wazi, ndogo, kisigino kimoja kikiburuza kidogo kama anavyoburuza siku zote licha ya kukanywa. Nilishuka, nikapiga magoti pale pale juu ya alama za mguu wake.

"Hizi ni za baada ya vumbi," Andilo akasema. "Za sasa hivi."

"Alhamdulillahi!" Agali akavuta pumzi. "Basi yuko karibu. Gaishatu! Ni sisi! Gaishatu, mwanangu!"

Andilo hakushukuru. Alikuwa amezifuata nyayo hatua chache, akachuchumaa. Kwanza mtoto alikuwa akitembea kuja kwetu. Kisha alisimama, mchanga ulionyesha miguu yote miwili ikiwa pamoja. Kisha aligeuka. Kuanzia hapo hatua zilikuwa ndefu, vidole vimechimba, visigino havikugusa chini kabisa.

"Anakimbia," Andilo akasema polepole.

"Anakimbia nini? Fisi?"

"Hakuna nyayo nyingine hapa, Mwalimu. Ni zake tu."

Zilielekea mashariki, kuiacha njia, kuyaacha mawe, kuiacha milima ya Air yenye visima na watu. Mashariki hakuna kitu. Mtu mzima mwenye ngamia na viriba hufikiri mara mbili kabla ya kugeuza uso wake huko.

Agali aliweka mikono mdomoni na kuita tena kwa nguvu zake zote. Ndipo tulipomwona. Juu ya tuta la mbali kiliinuka kitu kidogo cha buluu, shuka ambayo niliifua mwenyewe siku ya Alhamisi. Kilisimama. Kilitutazama. Agali aliita kwa furaha, akapunga mikono yote miwili, na kile kitu cha buluu kikageuka, kikakimbia, kikatoweka upande wa pili.

Nimezika mume na wana wawili. Sikuwahi kuhisi baridi niliyoihisi wakati ule katika joto lile.

"Ametuona," Agali akanong'ona. "Kwa nini...?"

"Anatukimbia sisi," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Ghumuri, mtundu wa darasa, ambaye alikuwa ametoroka penye mawe akitufuata pamoja na Asalama. Wakati mwingine wowote ningemvuta sikio.

"Hataitika, Bibi. Hata mkiita mpaka kesho. Yeye ndiye bingwa."

"Bingwa wa nini?"

Mvulana alimtazama mwalimu wake. Agali alikuwa amekaa chini mchangani, kama mzigo uliokatwa kamba.

"Bingwa wa ule mchezo," Ghumuri akasema. "Wa Watu wa Upweke. Mmoja anafungwa macho, wengine wanamwita kwa sauti za nyumbani kwao. Anayeitika ametoka. Mimi naigiza sauti yako, Bibi, naiweza vibaya sana. Wote niliwatoa isipokuwa Gaishatu. Yeye ukimwita anakaa kimya. Ukimbembeleza anakimbia. Anasema sauti ikizidi utamu ndiyo yenyewe."

Kila aliyezaliwa kwetu ananyonya hofu hiyo pamoja na maziwa. Jangwa lina wenyewe. Mtu akibaki peke yake, Watu wa Upweke huazima sauti ya yule anayempenda na kumwita kwa jina lake, naye akiitika humwongoza mpaka mahali ambapo hataonekana tena. Sisi wazee tunalijua hilo na tunajua pia kulipima. Tunaitika, ila kwa tahadhari. Mtoto hajui kupima. Na huyu alikuwa amefanyishwa mazoezi muhula mzima, akapigiwa makofi kila alipokimbia.

"Andilo alikuja darasani kutusimulia mila," Agali akasema bila kuinua kichwa. "Nikaona nizitumie. Nilitaka kuunganisha fasihi simulizi na mazoezi ya viungo."

Nilikuwa nikikumbuka ni mara ngapi tulikuwa tumeita tangu tuondoke penye mawe, na kwamba kila tulipoita kwa upendo zaidi tulikuwa tumemsukuma hatua nyingine kuelekea mashariki.

"Sasa hakuna atakayeita," nikasema. "Si kwa jina, si kwa neno lolote."

Agali aliruka juu. "Basi nipe ngamia nimfuate! Ngamia atampita kwa mbio!"

"Umfuate ukiwa nani? Anayeita ni jini. Na anayefukuza kimya kimya?"

"Bibi anasema kweli," Andilo akasema. "Nikimtokea juu ya ngamia, nimefunga uso, sina neno, mtoto yule atakufa kwa woga kabla sijamshika. Au ataingia kwenye matuta laini, na huko hata mimi siendi."

"Kwa hiyo tukae tu?" Sauti ya Agali ilipasuka. "Jua linashuka, Bibi! Hana maji! Tukae, tumtazame akipotea?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza. Binti yangu Hadiza, mama wa mtoto, alikuwa amekwenda Agadez kuuza jibini, na lori lake lingefika jioni ile. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia. Maisha yangu yote nimepanga maneno, na yale hayakupangika.

Kisha nilifikiri hivi. Watu wa Upweke huita, hucheka, huimba, huweza hata kulia kama mtoto mchanga. Lakini hawali. Asiyekula hapepeti nafaka, wala hatwangi. Sijasikia hadithi hata moja, kwa mama yangu wala kwa mama yake, ambamo jini alitwanga uwele. Je, mtoto wa miaka tisa, katika woga ule, angeweza kulifikiria hilo? Sikujua. Nilijua tu kwamba kila asubuhi ya maisha yake aliamka kwa sauti ya mchi wangu.

"Ghumuri. Asalama. Pandeni ngamia, mkaniletee kinu. Na uwele. Mkifungua midomo njiani nitaishona."

Walikwenda. Kinu tulikuwa tumekibeba kwa ajili ya egajira ya watoto, uwele na tende na jibini ya mbuzi vinavyotwangwa pamoja na kukorogwa kwa maji. Walipokileta nilikizika nusu mchangani juu ya tuta lile, mahali ambapo hatua zake zilikuwa zimegeuka, nikasimama, nikatwanga.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kwa kweli. Mtu anayeita anafanya jambo. Anayetwanga anangoja tu. Mchi ulipanda na kushuka, nami nilikuwa nikisikiliza katika nafasi iliyo baina ya pigo na pigo. Hakuna. Pigo. Hakuna. Kivuli changu kilirefuka upande wa mashariki kana kwamba nacho kilikuwa kikienda kumtafuta. Uwele uligeuka unga, unga ukageuka vumbi, upepo ukaupeperusha, nikawa natwanga kinu kitupu. Ngozi ya kiganja ilichubuka. Agali alitaka kunipokea, nikamsukuma kwa kiwiko. Kila mkono una mwendo wake, na mtoto aliujua wangu.

"Bibi," Asalama akanong'ona. "Bibi, usitazame."

Sikutazama. Niliendelea kutwanga huku macho yangu yakiwa ndani ya kinu, na moyo wangu ukitwanga kwa kasi kuliko mkono.

"Wewe unayetwanga!"

Ilikuwa sauti yake, kavu, kama jani linalovunjwa. Mkono wangu ulitaka kuacha, nikaulazimisha usiache. Niliinua macho kidogo. Alisimama juu ya tuta la pili, pande la udongo likiwa kwapani na jiwe likiwa mkononi. Alikuwa tayari kukimbia. Kisigino chake hakikugusa chini.

"Inua gauni," akasema.

Niliinua.

"Vua viatu."

Nilivua. Mchanga wa saa ile bado ulikuwa na moto wa mchana, na nyayo zangu zilizozoea kivuli cha nyumba ziliungua. Sikusogea. Kila mmoja anajua kwamba wale wengine wanaweza kuazima uso na sauti, lakini mguu hawawezi. Chini ya gauni huwa na kwato.

"Chezesha vidole. Vya kulia. Sasa vya kushoto."

Nilichezesha vidole vyangu mbele ya mjukuu wangu, mbele ya mwalimu na mbele ya wanafunzi, mimi ambaye hata binti yangu hajawahi kuniona bila viatu nje ya chumba.

"Na wale?"

"Na sisi?" Ghumuri akasema. "Gaishatu, mimi si unanijua!"

"Wewe ndiye ninayekutilia shaka kuliko wote. Vua."

Ghumuri alivua, Asalama akavua, Andilo akavua na kuonyesha nyayo zake zilizopasuka kama gome la mti. Agali alikuwa amevaa viatu vya kamba na soksi, viatu vya mjini. Fundo likakataa. Alivuta, likakaza. Gaishatu alimtazama. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine.

"Kata!" nikasema kwa meno yaliyofungwa. "Andilo, kata kamba hizo!"

Andilo alichomoa kisu, akakata, akang'oa kiatu na soksi kwa pamoja kama achunaye mbuzi. Mguu wa Agali ukatokea, mweupe kwa jasho, vidole vitano.

Gaishatu aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akadondosha jiwe. Hakukimbia kuja kwangu. Alitembea, hatua kwa hatua, macho yake yakiwa chini kwenye miguu yetu, na alipofika alinigusa kwanza kidole cha mguu kwa kidole chake. Ndipo alipoketi mchangani.

Tulimpa maji kwa funda ndogo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimshika usoni, shingoni, mikononi, nikikagua kila kiungo.

"Bibi, mlikuwa mnaniita?"

"Tulikuwa tunakuita."

"Nilijua labda ni nyinyi. Lakini labda si nyinyi." Alikunywa tena. "Mlikuwa wote pamoja?"

"Wote, kutoka njiani."

"Na aliyekuwa akiniita kutoka kule?"

Alionyesha mashariki. Nilimtazama Andilo. Andilo aligeuka, akaanza kukaza kamba ya ngamia iliyokuwa imekazwa tayari.

"Huo ulikuwa mwangwi," nikasema.

Hakuna mwangwi katika mchanga. Mtoto alijua, nami nilijua kwamba anajua, lakini hakunibishia. Alishika kifundo cha mkono wangu na hakukiachia tena, si juu ya ngamia, si penye Mawe Meusi ambako wenzake walimzunguka kimya wakiwa peku wote, si katika safari nzima ya kurudi. Agali alitembea nyuma kabisa, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine hauna. Hakuna aliyeimba.

Usiku ulikuwa umeingia tulipofika kijijini. Lori la Agadez lilikuwa limetangulia. Mbele ya ua wetu alisimama Hadiza, mwanga wa taa ukiwa nyuma yake kiasi kwamba uso wake haukuonekana. Hakuwa ameambiwa lolote. Alifungua mikono.

"Gaishatu! Gaishatu wangu, njoo! Njoo, mama!"

Vidole vilivyoshika mkono wangu vilikaza mpaka mfupa. Mtoto hakuitika. Hadiza alicheka, akidhani ni utani, akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi, tamu zaidi, na mjukuu wangu akaanza kunivuta kurudi nyuma, kuelekea gizani.

"Nyamaza, Hadiza," nikasema. "Vua viatu kwanza."